Kamba Mbili na Visima Ishirini na Kimoja

Kila alasiri Swabaha akirudi kutoka skuli alifanya mambo matatu, tena kwa mpango uleule: alivua viatu mlangoni, alimwamkia mama yake, kisha alisikiliza kunguru wakitukanwa.

"Nianike wapi mimi?" Bimdogo, mama yake, alikuwa amesimama uani na beseni la nguo mbichi kiunoni. "Kamba nzima ya kuanikia! Kunguru wa Mombasa hii hawana haya. Kwanza samaki, kisha kamba. Kesho watachukua jiko na sufuria, wapike wenyewe!"

"Labda wanajenga ghorofa," alidakia Zein, kaka yake Swabaha, kutoka ndani.

"Kunguru wabaya, mama," alisema Swabaha, huku akivitazama vidole vyake vya miguu kana kwamba vimemwita.

Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Lakini kila kunguru walipotajwa, ulimi ule uliganda. Kwa wiki tatu sasa ndege wale walikuwa wakibeba lawama isiyokuwa yao, na Swabaha alijua.

Habari yenyewe ilianza na Zein. Alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha ualimu. Mwaka huo, wa tatu tangu Uhuru, kila mwanafunzi alitakiwa afanye utafiti, auandike, kisha asimame mbele ya watu auwasilishe. Zein alichagua visima vya Mji wa Kale. Mifereji ya maji ya bomba ilikuwa imeshaingia mjini, lakini nyumba nyingi bado zilichota kisimani, naye alitaka kueleza maji yako chini kiasi gani, na kwa nini nyumba hii isiwe sawa na ile. Akaandika kurasa thelathini za maneno mazito. Mwalimu wake, Bwana Dishon, mtu wa Taita mwenye miwani minene na maneno machache, alizirudisha zikiwa zimejaa wino mwekundu. Kila palipokuwa na sentensi tamu, pembeni pameandikwa neno moja: *Umejuaje?*

Zein akanuna siku mbili, akaandika upya. Zikarudi. *Umejuaje?*

"Anataka vipimo," Zein alikiri mwishowe. "Visima vyenyewe vipimwe."

Hapo ndipo lilipokuja tatizo. Visima vya Mji wa Kale viko uani, na uani ni kwa wanawake. Kijana wa kiume wa miaka ishirini hawezi kupiga hodi kwa watu akasema amekuja kutazama kisima. Angethubutu, angetazamwa yeye, tena kwa mchi. Lakini Swabaha alikuwa akiingia kila ua, akijua nani kapika nini na nani kamnunia nani. Zein akamfanyia kamba ya usumba, ile ya nyuzi za makumbi ya nazi. Aliinyosha mikono yake yote miwili kwa upana, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, akafunga fundo. Hiyo ni pima moja. Akainyosha tena, fundo tena, mpaka yakafika mafundo kumi na mawili. Mwishoni akafunga jiwe.

"Jiwe likigusa maji, hesabu mafundo," alimwambia. "Na kamba hii usiipoteze. Usiipoteze, Swabaha! Utafiti wangu wote unaning'inia hapa."

Nyumba kumi na mbili za upande wa juu, karibu na Makadara, zilikwenda vizuri. Siku ya tano Swabaha aliteremkia upande wa baharini, akaanzia kwa Bi Khatoon, mama wa Kihindi aliyekuwa akishona nguo za watu wote wa mtaa. Watoto wa nyumba ile walimzunguka wamtazame mpimaji. Swabaha, ambaye hakuwa mtu wa kunyima watu tamasha, akaizungusha kamba juu ya kichwa chake. Mara ya kwanza walicheka. Mara ya pili walipiga makofi. Mara ya tatu kamba ilimponyoka, na *chubwi!* ikaenda na jiwe lake mpaka chini.

Angeweza kurudi nyumbani akasema. Badala yake alirudi nyumbani akaitazama kamba ya kuanikia nguo. Kesho yake, mama akiwa sokoni, aliifungua, akainyosha mikono yake miwili kwa upana kama alivyomwona kaka yake akifanya, akafunga fundo. Pima ni pima, alijiambia. Akaifunga jiwe, akarudi kwa Bi Khatoon, akapima pima tisa. Akamaliza nyumba nyingine nane za upande ule, akaificha kamba chini ya kitanda chake, na kunguru wakaanza kutukanwa.

Sasa ilikuwa Alhamisi, na zilikuwa zimebaki siku mbili tu kabla ya Zein kuwasilisha. Bwana Dishon alikuwa ametoa masharti mawili. La kwanza, hii ni mara ya tatu na ya mwisho; kazi ikirudi tena, Zein atarudia mwaka mzima, na ile nafasi ya kufundisha aliyokwisha kuahidiwa ng'ambo, Likoni, atapewa mwingine. La pili, atazungumza kwa Kiswahili, na wenye visima waalikwe wote. "Watu wamekufungulia milango yao," alisema mwalimu. "Na wasikie ulichokikuta."

Kwa hiyo Zein alikuwa akijizoeza sebuleni, mbele ya mto wa kochi. Uani, Kaingu alikuwa akisafisha kisima chao. Kaingu alikuwa fundi wa visima, Mgiriama mwembamba mwenye mabega kama nira, na hapakuwa na kisima Mji wa Kale ambamo hakupata kuitwa kushuka.

"Mabibi na mabwana," Zein aliuambia mto, "utafiti umevumbua jambo la ajabu! Visima vya karibu na bahari vina kina zaidi kuliko vya juu. Kisima cha Bi Khatoon, kwa mfano, ni pima tisa. Sababu yake, bahari inapokupwa, huyavuta maji ya ardhini na kuyashusha..."

Kicheko kilitoka uani. Kilianza kidogo, kikaja mpaka dirishani.

"Mwalimu," alisema Kaingu, amechomoza kichwa, "umesema pima ngapi?"

"Tisa."

"Kwa Bi Khatoon? Mimi nimeshuka mle wiki mbili tu zilizopita. Kama ni pima tisa, basi nilitokea Bara Hindi nikawasalimu jamaa zake! Kile ni pima saba na nusu. Upande wa bahari ardhi imeinama, maji yako karibu. Hata mbuzi ajua."

Zein alitabasamu tabasamu la mtu aliyesoma. "Fundi Kaingu, wewe unakisia. Mimi nimepima."

"Umepima kwa pima ya nani? Maana mikono ya watu si mimoja."

"Yangu. Kamba moja, mikono mimoja, visima ishirini na kimoja."

Swabaha alikuwa mlangoni, na andazi mdomoni. Andazi lile lilikataa kwenda mbele, likakataa kurudi nyuma. Alitazama mikono ya kaka yake, mirefu kama makasia. Akaitazama yake.

"Nami nitaongeza," Zein alisema kwa kelele Kaingu aliporudi kwenye kazi yake, "aya moja mwishoni. Nitaonyesha namna mafundi wetu wanavyokisia, na namna vipimo vinavyowasuta. Nitamtaja Kaingu kwa jina. Bwana Dishon ataipenda hiyo."

"Kaka, usimtaje," alisema Swabaha.

"Kwa nini?"

Palikuwa na nafasi pale, pana kama mlango wa msikiti. Swabaha hakupita. "Kwa sababu... yu hapo uani," alisema.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana alikwenda kwa Bi Khatoon.

"Masalkheri, Bi Khatoon."

"Masalkheri, beti, mwanangu. Umekuja kuchukua kamba yako?" Bi Khatoon alitoa pini mdomoni, akaonyesha ukutani kwa kidole kilichovaa subana ya shaba. "Kaingu aliinasa kwa kulabu aliposafisha. Nikasema hii ni ya Swabaha, mtoto wa watu ataifuata. Wiki mbili inaning'inia hapo!"

Kamba ya usumba ilikuwa msumarini, na jiwe lake. Swabaha hakuizungusha safari hii. Aliiteremsha polepole, akahesabu, jiwe likagusa maji. Akahesabu tena. Pima saba, na nusu ya pima.

Alitembea kurudi nyumbani, kamba begani, na njia ile fupi ikawa ndefu. Alimkuta Zein barazani ana karatasi zake, zimepigwa taipu na kufungwa kwa utepe wa kijani. Ndani alikuwa amepasi shati jeupe, mikunjo yake mikali kiasi kwamba mtu angejikata nayo.

"Sikiliza aya ya Kaingu!" alisema Zein. "Nimeiandika vizuri mno..."

"Kaka, aya ya Kaingu ni uongo," alisema Swabaha. "Na uongo ni wangu."

Akaingia ndani, akatoka na kamba ya pili, ile ya kuanikia nguo. Akaziweka zote mbili miguuni pa kaka yake. Akaeleza yote, tangu kuizungusha kamba, watoto wakipiga makofi, mpaka mafundo aliyoyafunga kwa mikono yake mifupi. Hakulia mpaka alipofika kwenye kunguru.

Zein angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alizigeuza karatasi zake moja moja, akakuta kurasa nne juu ya bahari inavyovuta maji, kurasa alizozipenda kuliko zote.

"Hakuna anayejua," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Ila mimi na wewe. Nikiwasilisha hivi hivi kesho..."

"Kaingu anajua," alisema Swabaha.

"Kaingu nani atamsikiliza?"

Akalisikia neno lake mwenyewe. Akaitazama ile aya iliyoandikwa vizuri mno, yenye jina la mtu ndani yake, mtu ambaye jana alikuwa amesimama kisimani, maji yakimfika kiunoni, ili watu wa nyumba hii wanywe maji safi.

"Nenda ndani kidogo, Swabaha," alisema. "Sijakuchukia. Ila nikikutazama sasa hivi nitasema neno nisilolitaka."

Swabaha hakwenda ndani. Alikaa kizingitini, amejikunyata, anaziangalia zile kamba. Alikuwa wa kwanza wa hesabu darasani, na kichwa cha hesabu hakikai bure hata mwenyewe akiwa na huzuni. Baada ya muda aliinuka, akazichukua kamba zote mbili, akazinyosha kichochoroni ubavu kwa ubavu, mwanzo kwa mwanzo. Fundo la kwanza la kamba yake lilianguka nyuma ya fundo la kaka yake. La pili likazidi kuachwa. La tatu, la nne, la tano...

"Kaka!" alipiga ukelele. "Kaka, njoo! Fundo langu la sita limekutana na la tano lako! Sawasawa!"

Zein alikuja. Aliinama.

"Pima zangu sita ni pima zako tano," alisema Swabaha, maneno yakikanyagana. "Nilipima vyote tisa kwa kamba hii hii. Basi kila kisima tugawanye kwa sita, tuzidishe kwa tano. Kwa Bi Khatoon tisa: inakuwa saba na nusu. Kwa jirani yake, Mzee Jaffar, sita: inakuwa tano!"

Zein alikaa palepale chini, kichochoroni, na suruali yake safi. Mchuuzi mmoja wa kahawa ilibidi azungukie upande wa pili. Kaka na dada wakapiga hesabu ya visima tisa kwa chaki juu ya ukuta wa baraza, na walipomaliza, jambo la ajabu lilikuwa limekufa. Visima vya karibu na bahari vilikuwa vifupi kuliko vya juu. Hata mbuzi alijua.

"Kurasa nne," Zein aliguna. "Kurasa nne za kueleza kitu ambacho hakipo! Na nilikuwa nimeeleza vizuri."

"Ulieleza vizuri sana, kaka."

"Nyamaza wewe." Lakini safari hii alikuwa akicheka, kicheko cha mtu aliyeng'olewa jino.

Jumamosi asubuhi ukumbi wa chuo ulijaa. Wanaume walikaa mbele, wanawake na mabuibui yao upande wa nyuma, Bimdogo na Bi Khatoon bega kwa bega. Kaingu alikaa pembeni na kanzu ya kuazima iliyomfika magotini. Bwana Dishon alikaa katikati, kalamu nyekundu mfukoni. Hapakuwa na wakati wa kupiga taipu upya. Zein alishika karatasi zilezile, zimekatwakatwa kwa wino.

Alizungumza juu ya nyumba, maji na matumizi. Akafika kwenye vipimo, akasema visima vya upande wa bahari ni vifupi. Bwana Dishon akafunua nakala aliyopewa wiki iliyopita.

"Hapa umeandika virefu," alisema. "Leo unasema vifupi. Umejuaje?"

Zein aliziweka chini karatasi zake. "Kwa kamba mbili, bwana mwalimu. Na mwenye kuweza kueleza ni aliyepima."

Hayo walikuwa wameyapatana asubuhi, lakini kupatana barazani na kusimama ukumbini ni mambo mawili tofauti. Swabaha alipita katikati ya watu. Alishika kamba ya usumba mkono wa kulia, ya nguo mkono wa kushoto.

"Kamba ya kaka yangu niliiangusha kisimani kwa kucheza," alisema. Sauti yake ilitoka nyembamba kuliko alivyotaka. "Nikafanya nyingine kwa mikono yangu, na kwa wiki tatu sikumwambia mtu. Mikono yangu ni mifupi. Ndiyo maana visima tisa vilionekana virefu. Kosa ni langu, si la kaka yangu. Na hii," aliinua mkono wa kushoto, "ni kamba ya nguo ya mama. Kunguru hawakuichukua."

Nyuma ya ukumbi sauti ikapasuka: "Ala! Swabaha!" Watu wakaangua kicheko, na Bi Khatoon akacheka kuliko wote.

Zein alingoja watulie. Kisha akaonyesha jinsi fundo la sita linavyokutana na la tano, akaandika ubaoni hesabu waliyoipiga jana kwa chaki barazani. Alipomaliza aliinua ukurasa wa mwisho.

"Hapa palikuwa na aya iliyomsema fundi Kaingu kuwa anakisia. Nimeifuta. Fundi alinambia pima saba na nusu kabla sijajua, nami nikambeza. Mzee Kaingu, uniwie radhi."

Kaingu hakusimama. Aliivuta kanzu ifunike magoti, haikufunika. "Yamekwisha, mwalimu," alisema. "Lakini siku nyingine uniulize kabla hujapiga taipu. Wino ni ghali."

Bwana Dishon alivua miwani, akaifuta taratibu. Zein alimtazama kama mtu anayengoja kusomewa hukumu. Swabaha alizikaza zile kamba mpaka vidole vikamwuma.

"Kazi hii sitaipitisha leo," alisema mwalimu. "Haiwezi kupitishwa ikiwa na michoro hii ya wino. Lakini siihesabu kuwa imerudi: unazo wiki mbili. Iandike upya, weka kamba zote mbili ndani yake, eleza kosa na namna mlivyolisahihisha. Na visima hivyo tisa dada yako akavipime tena kwa kamba moja, tuone kama hesabu inasema kweli. Ukileta hivyo, nitaipitisha."

Kisha akamgeukia Swabaha. Sauti yake haikuwa kali.

"Binti, nimefundisha miaka kumi na mitano. Kila mtu hupima vibaya siku moja. Mimi mwenyewe niliwahi kuchora ramani nikaugeuza mto ukapanda mlima. Kosa ukilisema, tunajua ukubwa wake, tunalitoa kwenye hesabu, kazi inaendelea. Jana mmefanya hivyo kwa chaki tu. Lakini kosa lililofichwa halitoleki, kwa sababu hakuna ajuaye kama lipo. Linabaki ndani, na kila kinachojengwa juu yake kinakwenda upande. Wewe ulificha wiki tatu. Kaka yako akajenga kurasa nne, na mtu mwema akakaribia kuaibishwa. Ulikuwa na hofu, naelewa. Siku nyingine sema siku ile ile."

"Nitasema, bwana mwalimu," alijibu Swabaha, na alimaanisha.

Visima tisa vilipimwa upya, bila mbwembwe, na hesabu ikasema kweli. Kazi iliporudi mara ya mwisho, Zein aliifunua ukurasa kwa ukurasa. Hapakuwa na wino mwekundu popote ila chini kabisa, mstari mmoja: *Sasa najua umejuaje.*

Mwezi uliofuata alikuwa akivuka kivuko kila asubuhi kwenda kufundisha Likoni.

Na Bimdogo akarudishiwa kamba yake, ikiwa na mafundo kumi na mawili. Hakutaka yafunguliwe. Alisema yanazuia nguo zisiteleze, na tena yanamkumbusha mtu fulani jambo fulani. Alasiri ya kwanza alipomaliza kuanika, kunguru mmoja alishuka, akatua juu ya fundo la sita, akainamisha kichwa akimtazama.

Bimdogo aliinua ufagio. Kisha akaushusha.

"Haya, kaa," alimwambia. "Nilikusingizia." Akamtazama binti yake mlangoni, anavua viatu. "Lakini yule samaki wangu, huyo ulimla. Au naye nimwulize Swabaha?"